Mlipuko Juu ya Baa ya Xaveri

Simu ya Mwalimu Edda ilipowika kama jogoo, ugali ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kushikana. Mtu mwenye akili timamu angemalizia kusonga. Ugali ukiachwa njiani haurudi tena kuwa ugali, unageuka kitu ambacho hata kuku hukizunguka mara mbili kabla ya kudonoa. Edda alizima jiko, akafuta mikono kwenye khanga, akasoma ujumbe akiwa amesimama, kisha akausoma tena akiwa amekaa juu ya ndoo.

Mlio ule wa jogoo aliuwekea jambo moja tu: habari za nyota zinazolipuka. Huko juu, nje kabisa ya hewa yetu, kuna satelaiti zinazokaa zikivizia miale ya gama, mwanga wenye nguvu za ajabu ambao jicho haliuoni na hewa hairuhusu ufike chini. Nyota kubwa mno ikifika mwisho wake hujiporomokea yenyewe, na kwa sekunde chache hutema miale hiyo kwa nguvu ambayo jua letu halitaifikisha maisha yake yote. Satelaiti huuona mlipuko, hutangaza umetokea upande gani, na kazi yake huishia hapo. Kinachobaki ni mng'ao wa kawaida, unaopoa kama jiko la mkaa baada ya chakula kuiva. Anayetaka kuupiga picha sharti awe na darubini, awe na mbio, na awe gizani.

Darubini Edda alikuwa nayo. Aliazimwa na mtandao wa wapenzi wa nyota waliotawanyika duniani, mwingine daktari wa meno, mwingine fundi saa, na yeye mwalimu wa fizikia wa sekondari moja ya Singe mwenye nyumba yake mtaa wa Bagara, mjini Babati. Mbio pia alikuwa nazo. Giza ndilo lililomshinda.

Ng'ambo ya ukuta wake kulikuwa na baa ya Xaveri, Kiboko Raha, yenye taa kali kiasi kwamba mteja aliweza kuchambua miiba ya sato bila kuinama. Upande wa pili kulikuwa na banda la kuku la Mama Hope, nalo lilikuwa na taa yake ya kumfukuza kicheche. Edda aliwahi kumwomba Xaveri apunguze. Xaveri alimsikiliza kwa adabu zote, akampa soda ya bure, akasema, "Mwalimu, baa bila taa ni stoo." Mama Hope yeye alisema kicheche hasomi fizikia. Kwa hiyo kila jogoo alipowika, picha za Edda zilitoka nyeupe kama uji wa mgonjwa, na mratibu wa mtandao, mama mmoja wa Ureno, alikuwa amemwandikia kwa upole ule wa watu wa mbali: kama Babati isingetoa hata picha moja safi msimu huu, darubini ingehamishiwa kwingine. Edda si mtu wa kulia hovyo, lakini siku ile aliposoma barua pepe hiyo alikaa kitandani na viatu vyake miguuni mpaka chai ikapoa.

Na leo mlipuko ulikuwa umetokea kusini, juu kabisa ya paa la Kiboko Raha. Ulaya bado kulikuwa mchana. Amerika vilevile. India ilifunikwa na masika yake, Afrika Kusini mvua ya kipupwe ilikuwa inanyesha, na Australia mawingu matupu. Edda alipanda juu ya ndoo ileile akachungulia angani. Julai ya Babati ilikuwa imefanya kazi yake: baridi, upepo kidogo kutoka mlima Kwaraa, na anga safi pande zote. Katika dunia nzima, mahali pa kuwa jioni ile palikuwa Bagara.

Alitoa darubini chumbani ikiwa imevikwa shuka, akaipachika juu ya kinguzo cha zege uani, kinguzo ambacho fundi aliyekijenga mpaka leo anaamini ni cha kuanikia nguo. Akaunganisha kamera na kompyuta. Darubini ikanung'unika, ikageuka yenyewe kusini. Picha ya kwanza ya majaribio ilikuwa nyeupe.

Edda hakukata tamaa. Alifungua grupu la majirani kwenye simu, akaandika ujumbe ambao yeye mwenyewe aliuona umekamilika, wenye salamu na tafadhali zake: "Majirani wapendwa, habari za jioni. Mlipuko umetokea. Tafadhali sana, kila mmoja azime taa za nje sasa hivi. Muda ni mdogo. Nitawaeleza."

Kwa mwalimu wa fizikia, mlipuko ni mlipuko. Lakini Bagara haikuwa darasa la fizikia. Tangu mvua za masika watu walikuwa wameimbiwa magonjwa ya mlipuko redioni, kanisani, zahanati na kwenye mikutano ya mtaa, mpaka neno lenyewe likawa na maana moja, na maana hiyo ilikuwa inakaa tumboni.

"Mungu wangu! Kaanza nani?" aliandika Jovita mwenye duka.

"Ni transfoma, mimi nimesikia puu," akaandika mwingine.

"Hakuna cha transfoma," akajibu Apolinary, fundi baiskeli, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu kwa maandishi. "Ni kipindupindu. Mimi tumbo langu silielewi tangu mchana."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Edda alikuwa ameshaiweka simu pembeni, macho yake kwenye kompyuta, akisubiri giza liingie. Badala yake aliona ukuta wake unazidi kung'aa. Mama Hope alikuwa amewasha taa zote za uani ili aone kuni za kuchemshia maji. Jovita alikuwa ametoa taa ya sola nje ya duka, maana foleni ya sabuni ilikuwa imefika barabarani. Na Xaveri, mtu anayejali wateja wake, alikuwa amewasha ile taa kubwa aliyokuwa akiitunzia Krismasi, ili kila mnywaji aone vizuri ndoo ya kunawia mikono ilipo. Edda alikuwa ameomba giza, Bagara ikawaka kama uwanja wa mpira.

Kabla hajaamua amkimbilie nani kwanza, bodaboda ilisimama getini, taa yake ikiangaza moja kwa moja kwenye mdomo wa darubini. Nyuma ya dereva alikuwa amepakiwa Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Gerson, amekumbatia kipaza sauti chake. Mama Hope aliingia nyuma yake na ndoo ya maji ya moto, akafuatiwa na Jovita, na Apolinary, na nusu ya foleni ya sabuni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu. Wagonjwa wangapi?"

"Hakuna mgonjwa."

Mwenyekiti alivua kofia. "Wameshafariki?"

"Hapana! Ni nyota, Mwenyekiti. Nyota imelipuka. Huko juu."

Watu wote waliangalia juu. Kwa taa zile hawakuona kitu, na mtu asiyeona kitu huogopa zaidi.

"Itatufikia lini?" aliuliza Jovita.

"Imeshafika," alisema Edda. "Mwanga wake umefika jioni hii hii."

Hilo lilikuwa kosa. Walio mbele walirudi nyuma, walio nyuma wakakanyagwa, na Apolinary akajishika tumbo kwa mikono miwili. "Si niliwaambia?" alisema kwa uchungu wenye raha ndani yake.

Edda alijaribu tena. Alieleza kuhusu miale ya gama. Mwenyekiti akauliza miale ya gamba inaingilia kwa maji au kwa hewa. Edda akasema haiingii kabisa, hewa inaizuia. Mama Hope akauliza, sasa kama haiingii, maji anachemshia nini? Wakati huo simu iliwika, na mratibu alikuwa ameandika neno moja tu na alama ya kuuliza: Babati? Edda alijua kinachoendelea huko angani wakati watu wanabishana uani kwake. Kila dakika ule mng'ao ulikuwa unapungua, na ukishapita uwezo wa darubini ndogo kama yake, basi tena.

"Jamani!" alipaza sauti, na sauti yenyewe ikakatika katikati. "Nyota imekufa! Imekufa, inapoa, muda si mrefu haitaonekana tena, si kesho wala milele. Watu wa dunia nzima wamenitegemea mimi niiage kwa niaba yao, kwa sababu ni sisi tu huku ndio wenye usiku na anga safi. Nami nashindwa, kwa sababu ya taa za kunawia mikono!"

Hakuna aliyecheka. Mama Hope aliiweka ndoo chini taratibu.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mama Hope."

"Sasa Mwalimu," alisema Mama Hope kwa sauti ya mtu anayemsikitikia msomi, "si ungesema ni msiba?"

Ni hivi. Bagara watu wanaweza kunyimana kila kitu. Wanaweza kunyimana njia, na maji ya bomba, na hata salamu kwa mwaka mzima. Msiba hawanyimani. Ukisikika msiba, mahasimu hubeba benchi moja, huku mmoja na kule mwingine, kisha hurudi kwenye uhasama wao baada ya matanga. Xaveri mwenyewe, muziki wake ukiwa unaweza kufika penye msiba, huuzima bila kuombwa, hata kama marehemu alikuwa mlokole aliyemhubiri kwa jina kila Jumapili.

Mwenyekiti alivaa kofia yake, akakumbuka, akaivua tena, akainua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, nasahihisha tangazo. Mlipuko hakuna. Narudia, mlipuko hakuna. Kuna msiba."

"Wa nani?" sauti iliuliza kutoka barabarani.

Mwenyekiti alimwangalia Edda, kisha akajibu kwa ujasiri wa mtu aliyeshinda uchaguzi mara tatu. "Wa nyota."

"Ya nani?"

"Haina ndugu huku. Ndiyo maana tunaombwa sisi. Zimeni taa, tuiage."

Kicheko kilipita barabarani, lakini kilikuwa kicheko cha watu ambao tayari wanatafuta swichi. Taa za Mama Hope zilizimika kwanza, pamoja na ile ya kuku. Jovita alizima sola yake bila kinyongo, maana sabuni yote ilikuwa imekwisha kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo. Kufa kufaana. Dereva wa bodaboda naye alizima, akasema, "Pole sana, madam." Ikabaki Kiboko Raha.

Xaveri alikuja mwenyewe akiwa na aproni yake ya nyama choma, akasimama getini. Edda alimwogopa kidogo, kama anavyoogopwa mtu aliyekwisha kukataa mara moja kwa heshima.

"Mwalimu, kuna kifo kweli? Usinifanyie mchezo."

"Ni kweli, Baba Jenipher. Hicho ndicho kilichotokea, sikuongezei neno."

"Anaagwa saa ngapi?"

"Sasa hivi. Baadaye hatutamkuta."

Xaveri aligeuka, akaweka mikono mdomoni. "Wateja! Bia mnazo mkononi, na mdomo kila mtu anajua wake uko wapi. Tunazima!"

Giza lilipoingia, uani palisikika pumzi moja ndefu ya watu wengi. Nyota zilikuwa zimejaa mpaka kwenye mabati. Zilikuwepo siku zote, bila shaka, lakini wengine pale walikuwa hawajaziangalia tangu umeme ufike kwao. Edda hakuwa na muda wa kushangaa. Aliiambia kamera ifungue jicho lake, akasubiri, akaifunga, akafungua tena. Upande mmoja wa kioo cha kompyuta aliweka ramani ya zamani ya kipande kile cha anga. Upande wa pili, picha yake. Akaanza kulinganisha nukta kwa nukta, kama mama anayechambua mchele, midomo ikitembea bila sauti.

Nukta moja haikuwa kwenye ramani.

Hakujiamini. Inaweza kuwa vumbi kwenye kioo cha darubini. Inaweza kuwa kijiwe kinachopita katika njia yake kuzunguka jua. Akapiga nyingine, akasubiri kidogo, akapiga nyingine tena. Nukta ilikuwa palepale, haijasogea hata unywele, lakini katika kila picha ilikuwa dhaifu kuliko katika iliyotangulia. Vumbi halififii hivyo. Alituma picha zote Ureno, na bando, kwa rehema za Mungu, lilitosha.

Jogoo wa simu aliwika. "Babati, ndiyo yenyewe. Kwa sasa ninyi peke yenu ndio mnaoiona. Msiiache, pigeni picha mpaka ipotee. Na darubini inabaki hapo hapo."

Edda alipiga kigelegele kikubwa, cha harusi kabisa, kabla hajakumbuka kwamba yuko msibani.

"Mwalimu!" alisema Mwenyekiti, ameshtuka.

"Samahani. Amepatikana."

Hapo ndipo watu walipodai haki yao. Kama ni kuaga, basi wamwone marehemu. Mwenyekiti alipanga foleni gizani kwa kugusa mabega, na mmoja mmoja wakapita mbele ya kompyuta ambayo Edda alikuwa ameififisha mpaka ikawa nyekundu hafifu. Waliinama, wakaangalia kidole chake kinapoonyesha, wakasema "pole" na kupita. Kila aliyesema alimsemea Edda, na Edda akajikuta anaitikia "asante" kama mfiwa.

"Hicho?" alinong'ona Apolinary zamu yake ilipofika. "Punje ya ulezi?"

"Ilikuwa kubwa. Iko mbali."

"Imekufa lini?"

"Watapima wenye darubini kubwa. Pengine kabla dunia hii haijaumbwa."

"Na taarifa ndiyo inafika leo?" Apolinary alifurahi kupata la kupinga. "Basi tumechelewa sana. Hapa tunaaga hewa."

"Msiba hauchelewi," alisema Mama Hope kutoka nyuma yake. "Toka, umeshaaga."

Apolinary alitoka. Mama Hope aliinama mbele ya kompyuta, akakaa hivyo kwa muda, na foleni nyuma yake haikumsukuma. Alizungumza bila kuinua kichwa.

"Mdogo wangu Damasi alifia Songea. Alikuwa kwenye kazi za barabara. Simu ilipotufikia walikuwa wameshamzika. Tulikaa matanga nyumbani tumeweka picha yake kwenye stuli." Aligusa ukingo wa kioo. "Huyu angalau nimemkuta bado ana joto."

Edda alikuwa ameishi ukuta mmoja na mwanamke huyu, wamegombana kuhusu taa ya kuku mara nyingi kuliko walivyokunywa chai pamoja, na hakujua. Aliona aibu, akavuta stuli, akaiweka karibu na darubini. Mama Hope akakaa.

Foleni iliisha. Watu hawakuondoka, walitandaza mikeka na kujifunika mashuka, wakapiga soga za chini chini kama inavyopaswa. Edda alimwendea Xaveri, aliyekuwa ameegemea ukuta na mikono kwapani.

"Baba Jenipher, najua nimekuharibia jioni. Ila wameniomba niendelee mpaka—"

"Marehemu ameshazikwa?"

"Bado."

"Sasa unaniuliza nini?"

Edda alirudi kwenye kazi yake. Alipiga picha, akazituma, akapiga nyingine. Ili nukta ionekane sasa ilibidi arundike picha kadhaa pamoja, moja juu ya nyingine. Kila rundo lilipomaliza kuunganishwa, Mama Hope aliuliza swali lilelile.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Bado yupo?"

"Yupo. Kidogo."

Watoto walikuwa hawajaitwa kulala bado rundo moja lilipotoka bila kitu. Edda alisogeza uso karibu na kioo. Aliongeza mwanga, akapunguza. Pale palipokuwa na nukta palikuwa na weusi sawa na weusi wa jirani yake. Ureno walikwisha kumwandikia kwamba zimetosha, asante, apumzike. Alifungua jicho la kamera mara nyingine, ambayo hakuna aliyeiomba, akangoja kwa uaminifu mpaka mwisho, akaangalia.

"Ameondoka, Mama Hope."

Mama Hope alisimama, akaikaza khanga yake kiunoni, akaangalia juu, kusini, juu ya paa jeusi la baa.

"Haya," alisema. "Safari hii nilikuwepo."